Uso wa Maalim Athmani

Nakumbuka alasiri moja ya kaskazi hapo Malindi, mwanangu, miaka ya themanini, na haya yake haijanitoka mpaka leo. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini, mdomo mwepesi, na mzaha nikiuona ndio akili.

Maalim Athmani ndiye aliyenisomesha alifu kwa kijiti. Chuo chake cha Kurani kilikuwa ukumbini mwa nyumba yake, na ndicho alichoishi kwacho. Alikuwa mtu mweupe, na alipofikia makamo mashavu na pua vilianza kumwiva kwa wekundu, vikatoka vipele, na macho yakawa yanamwasha. Daktari alimwambia ni maradhi ya ngozi yaitwayo rosasea. Hayaambukizi, hayaponi kabisa, ila hutulia mtu akijua kinachoyaamsha. Kwake yeye yaliamshwa na jua, mvuke, pilipili na kinywaji cha moto. Basi alijizuia. Adhuhuri hakutoka bila mwavuli, chai aliinywa imepoa, na jioni alijikanda uso kwa kitambaa cha maji baridi. Haya yote niliyajua baadaye, maana hakuwa mtu wa kutangaza maradhi yake.

Sasa, barazani kwetu tulicheza dhumna, na muuza kahawa akipita tulikunywa kahawa ya tangawizi ingali yachoma ulimi. Maalim kila siku alikataa, na kwetu mtu kukataa kikombe cha kahawa ni jambo la kuulizwa. Siku moja Maalim alipokwisha kupita wenzangu wakaulizana, nami nikadakia, "Ana chake akinywacho huko kwa wagema, tembo la mnazi. Kwani pua hamuioni?"

Walicheka, nami nikafurahi kuchekesha. Lakini mzaha mzaha hutumbua usaha. Neno lilitoka barazani likaingia majumbani, na wazazi wakaanza kuwatoa watoto chuoni, leo mmoja, kesho wawili.

Ndipo ikafika alasiri ile. Maalim alikuja mwenyewe, akaketi ubavuni mwangu, akaagiza kahawa. "Nami ni mwenzenu," alisema. Alikunywa vikombe vitatu, vya moto, bila kupumzika. Uso ukamwiva mpaka kipajini, macho yakamtoka machozi. Mmoja wetu akanong'ona, "Tazameni, tembo la mchana hilo." Maalim alisikia. Alinitazama mimi, mwanafunzi wake, na neno moja tu langu lingetosha. Nikainamia dhumna.

Juma lile watoto wa mwisho wakaondoka. Maalim alipokuwa akifunga mizigo kuhamia kwa wakweze Magarini, nilikwenda kumuaga, na mkewe, Bi Zuhura, akanizuia mlangoni.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," aliniambia, na hapo ndipo aliponieleza maradhi ya mumewe. "Alijua kahawa ile itamuunguza. Aliinywa ili mumuone mwenzenu, apate kurudishiwa watoto."

Nililia njia nzima. Nilirudi barazani nikakiri kuwa nilizua, wakasema namtetea mwalimu wangu. Nyumba kwa nyumba nilikwenda, mwanangu, na kila nyumba ilinikaribisha vizuri, lakini hakuna mtoto aliyerudi. Mwishowe nikamfuata Magarini kumtaka radhi.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu." Alinisikiliza hadi mwisho. "Mimi nimekusamehe. Lakini wale watoto, nani atanirudishia?"

Nikarudi Malindi peke yangu. Alifia huko, na chuo hakufungua tena.

Mwanangu, mtu akikataa chakula chako au kinywaji chako, mwache. Anajua mwili wake. Na wewe ukipewa maradhi ya namna ile, jichunguze: ni jua, ni pilipili, ni jiko, ni chai? Kikijulikana, kiepuke bila kuona haya, na mwambie japo jirani mmoja kwa nini unakiepuka, kwani siri ya Maalim ndiyo iliyonipa mimi nafasi ya kusema uongo. Usijiunguze kuwaridhisha watu, hawaridhiki. Na ukiwa umemzulia mwenzio, sema papo hapo, wakati angali ameketi ubavuni mwako, maana heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Mungu akuhifadhi na shari ya mdomo wako mwenyewe, na akujaalie watu watakaokusadiki ukisema unaumwa. Amin.