Hakuna Aliyekufa Kisumu

Ikifika saa kumi jioni, Benta Awiti alianua nguo. Jua liwe kali namna gani, mashuka yawe bado yanadondosha maji, alianua zake kisha za majirani, akisema mvua inatoka ziwani. Ploti yao iko Thika, kando ya mtaa wa Kiandutu. Ziwa lake liko Kisumu, safari ya kutwa nzima. Wapangaji walicheka, wakaanika upya. Miaka ikaenda, hakuacha.

Wavinya, jirani wa mlango wa pili, ndiye aliyemcheka kidogo kuliko wote. Alihamia pale na mtoto mchanga, Benta akamfundisha kumwogesha bila kutetemeka, na tangu hapo wakapika sufuria moja. Jumapili walikaa kizingitini, Benta akaanza Kisumu yake: soko la Kibuye linavyofurika watu, muziki wa kibanda hiki ukigombana na wa kile, viboko wanaotoka majini jioni kula nyasi za watu, milima ya Nandi ikigeuka buluu nyuma ya mashamba ya miwa.

"Mlima hata sisi tunao," Wavinya alimchokoza, akimwonyesha Kilimambogo, upande aliozaliwa.

"Ule? Umekaa peke yake kama mgeni aliyenyimwa chai."

Benta hakuwa mtu wa kutulia. Alishona sweta za shule katika kiwanda kimoja Ruiru, na hata akiwa nyumbani mguu wake ulikanyagakanyaga sakafu kama aliyeacha cherehani ikiendelea. Mwanawe Opiyo alimtengea chumba kwake, mtaa wa Membley, ndani ya geti, maji hayakatiki. Alilala siku moja akarudi.

"Nyumba nzima inanong'ona," alimwambia Wavinya. "Nikikohoa, Emmaculate anabisha mlango kuuliza kama niko salama. Mkamwana mzuri, lakini nitakohoa mpaka lini kwa adabu?"

Alichotaka ni kimoja: kuishi Kisumu tena kabla miguu haijachoka. Alikuwa akienda, ndiyo, lakini kila safari alienda nyuma ya jeneza. La mumewe Oluoch, la dada yake, la shangazi.

"Nimepita kando ya lile ziwa mara nyingi," alisema, "na kila mara nalia. Nataka kulitazama macho yakiwa makavu."

Wavinya alidhani ni maneno ya Jumapili tu.

Benta alistaafu mwezi wa Mei. Siku chache baadaye Wavinya alirudi kutoka sokoni akakuta pazia la jirani yake limeshushwa, kitanda kimefunguliwa na kuegemezwa ukutani, sanduku liko mlangoni, mwenyewe hayupo. Mtu wa magharibi mwa Kenya anafunga vitu katikati ya mwezi, na si Desemba. Katika ploti ile hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake: kuna msiba nyumbani. Wavinya akapita mlango kwa mlango. Huyu akatoa sukari, yule maziwa, mwingine majani ya chai. Kilonzo, mwangalizi wa ploti, akavaa koti lake la kanisani.

Benta alirudi na kamba aliyokwenda kununua, akakuta viti uani, chai inachemka, wanawake wanaimba taratibu. Kilonzo akamwombea marehemu apumzike pema, akalikosa jina, akasema "mpendwa wetu". Benta aliinamisha kichwa, akaitikia amina. Kisha akamnong'onezea Wavinya:

"Nani amekufa?"

"Si wewe ndiye utuambie?"

"Mimi?"

"Si unaenda Kisumu?"

"Naenda kuishi."

Wimbo ukakatika, sauti moja baada ya nyingine. Msiba wangeuweza, msiba wanaujua. Hili hawakujua walishike wapi.

"Kuishi na nani, Mama Opiyo?" Kilonzo aliuliza.

"Binti wa dada yangu amenipatia chumba. Na watu wapo huko. Kisumu haijawahi kukosa watu."

"Ungengoja Desemba, uende na wenzako."

"Desemba wanaenda kuonyesha magari."

Mtu alicheka, akajiziba mdomo. Chai ikagawanywa, kwa kuwa ilikuwa imeshaiva. Simu ya Benta ikalia. Opiyo alikuwa ameshapashwa habari, anahema.

"Mama, ni nani?"

"Ni mimi," Benta alimjibu, "lakini niko mzima."

Wavinya hakunywa chai. Watu walipotawanyika alibaki akikaza kamba ya godoro, akiikaza kupita kiasi. Alitaka kusema, baki. Badala yake akauliza, "Na usipozoea?"

"Hapa pia sijazoea. Nimekaa tu."

Asubuhi Wavinya alimbebea sanduku hadi stendi. Benta hakuweza kusimama mahali pamoja. Alilizunguka basi, akamuuliza dereva jambo alilokwisha kumuuliza. Wavinya akamwahidi kumpigia kila Jumapili, ajue anaendeleaje. Benta alikuwa ameshapanda ngazi. Akageuka.

"Usinipigie kuniuliza kama nimezoea," alisema. "Nipigie ukishashuka Kisumu."