Seluvaia Agoma Kuuza Tiketi

Seluvaia alikuwa karani wa tiketi gatini kwetu, visiwani Tonga. Mwaka uliotangulia meli mbovu ilizama na mdogo wake. Serikali iliunda tume, tume ikanyamaza. Siku ilipoletwa meli nyingine, aliona kutu imeula ubavu, akafunga dirisha la tiketi.

"Mama, fungua. Cheti cha ukaguzi nimekitia saini mwenyewe," akasema ofisa wa bandari.

"Umeikagua lini, nawe hujatia mguu humo?"

"Unanifundisha kazi?"

"Sikufundishi, baba. Panda na wanao, nami nitauza."

Ofisa akatazama maji, asipande. Abiria wakajitwika mikeka na viazi vikuu vyao, wakarudi makwao. Seluvaia alifukuzwa kazi wiki hiyohiyo. Meli ikavutwa kwenda kutengenezwa. Alipotakiwa aombe radhi ili arudishwe, alikataa.