Funga

Mwenyekiti wa timu ninayoifundisha aliniambia mapema, kwa upole uliozidi kunitia hofu: tusiposhinda Jumamosi, nitafute kazi pengine.

Nilikuwa nimezoea kutafuta kazi pengine. Niliacha shule kidato cha pili kwa ajili ya mpira, nikafunga mabao Bukoba, Mwanza, Lubumbashi, Kampala, hata Muscat. Kila mji nilitaka kujua watu wake wanakula nini na wanatukanaje, kisha nikahama. Lakini sasa goti halikunjiki vizuri, nami nilikuwa nimepanga nyumba ndogo Kimironko, huku kwa Wanyarwanda, nyuma ya mafundi cherehani, pamoja na mama yangu. Alikuwa amenunua mapazia. Mama hanunui mapazia mahali asipotegemea kukaa.

Siku ya mechi tulicheza uwanjani Rebero. Mwenyekiti aliweka kiti chake cha plastiki nyuma yangu. Kila nilipogeuka nilikuta ananitazama mimi, si mpira.

Tulipata bao kipindi cha kwanza. Sikutulia. Ushindi wa bao moja nimewaharibia watu mara nyingi mno, najua unavyoponyoka. Nilitaka la pili. Mechi ikielekea mwisho, mshambuliaji wetu akapata mpira katikati ya uwanja, mbele yake hakuna mtu ila kipa. Nikaruka, nikapaza sauti kwa neno nililopigiwa mimi miaka yote nilipocheza.

"Funga! Funga!"

Akasimama. Akageuka, akaurudisha mpira kwa beki, kisha yeye mwenyewe akakimbia kurudi nyuma. Timu nzima ikamfuata, ikajipanga mbele ya lango letu. Nilivyozidi kupiga kelele ndivyo walivyozidi kusogea nyuma. Wapinzani wakaja wote, wakasawazisha. Filimbi ikalia.

Mwenyekiti alikulia Tanzania kama mimi, na alikuwa amenisikia vizuri.

"Umemwambia afunge, amekugeuzia mgongo," alisema. "Huyo anakudharau. Mfukuze leo, wewe ubaki."

Ilikuwa rahisi hivyo. Niliyafikiria mapazia. Halafu, kwa sababu siwezi kuacha jambo bila kulijua, nikamwita mshambuliaji pamoja na nahodha, beki mzaliwa wa Nyamirambo, mtaa wa wasema Kiswahili, ambaye hunitafsiria.

"Kwa nini mlirudi nyuma?"

"Kocha, iko wewe ulisema tufunge," nahodha akajibu.

"Ndiyo. Mfunge."

"Sasa si tulifunga? Tulifunga mpaka hata upepo haikupita."

"Bao limepita."

"Hiyo ni bahati mbaya."

Mshambuliaji, asiyejua Kiswahili zaidi ya cha sokoni, akainua viganja viwili na kuvikutanisha taratibu, kama mtu anayefunga mlango. Hapo nikaelewa. Kwao kufunga ni mlango, ni duka, ni geti. Goli, kwa Kinyarwanda, wanatsinda, neno lilelile la kushinda mechi. Mazoezini nilikuwa nikionyesha kila kitu kwa miguu, kwa hiyo neno hilo halikuwahi kutugombanisha.

Nilipomweleza nahodha maana yangu, alinitazama kwa huruma. "Kumbe Tanzania munapiga goli na kufuli?"

Nilirudi kwa mwenyekiti.

"Hajanidharau. Amenitii. Neno lilikuwa langu."

"Kwa hiyo kosa ni la nani?"

"Langu."

Akakung'uta vumbi kwenye suruali, akainua kiti chake. "Jumamosi ijayo," alisema. "Hiyo moja tu. Na useme nao kitu wanachokielewa."

Nikapanda pikipiki kurudi Kimironko. Ndani ya kofia ngumu ya abiria nilirudia lile neno jipya, tsinda, tsinda, nikiogopa kwamba siku yenyewe ulimi utakimbilia la zamani. Mama angeniuliza mlangoni kama tunabaki. Dereva akapunguza mwendo, akageuza shingo.

"Nani alitsinda, mzee?"

"Bado," nikamjibu.