Mlio Usio na Mwenyewe

Ofisini walimwita Bi Milio, na jina lilimkaa. Alikuwa karani wa simu, na ndiye aliyeipangia kila meza mlio wake: mrefu wa meneja, mifupi miwili ya mhasibu, wa kukatakata wa stoo. Watu waliuzoea utaratibu huo kupita kiasi. Simu ingelia mpaka ichoke. Kama mlio si wako, hushughuliki. Kinara wa tabia hiyo alikuwa mhasibu, mzee mwenye kisirani tangu asubuhi mpaka jioni.

Siku mama yake alipopasuliwa uvimbe wa shingo, Bi Milio aliwahi kazini akaitengea namba ya hospitali mlio wa peke yake, wa kupanda na kushuka, maana simu yake ya mkononi ilikuwa kwa fundi. Daktari hakuwaficha: mama angepona, lakini sauti ingeweza kupotea moja kwa moja. Mama yule, ambaye mdomo wake haujawahi kupewa likizo! Bi Milio aliogopa nyumba yenye kimya kuliko alivyoogopa kisu.

Kumbe kwa haraka zake hakumwambia mtu kuhusu mlio ule. Mara akaitwa ghorofani kuandika kumbukumbu za kikao, na kabla hajamaliza ukurasa akausikia kutoka chini, ukipanda na kushuka. Ukakatika. Ukaanza tena. Ofisi imejaa watu, na hakuna aliyenyoosha mkono. Alijilaumu kimoyomoyo, maana yeye ndiye aliyewafundisha hivyo.

"Bosi, naomba nishuke kidogo."

"Tumalize hoja hii kwanza," meneja akasema.

Mlio ukaanza kwa mara nyingine, ukanyamaza ghafla. Muda si muda mlango ukafunguliwa, na mhasibu akasimama pale akihema, tai imekwenda upande.

"Nimepokea mimi, makelele yamenishinda. Shuka, ni hospitali."

"Nesi anasemaje?"

"Nesi gani? Ni mama yako mwenyewe! Sauti inakwaruza, lakini ananigombeza huyo, eti ofisi gani hii haipokei simu!"

Kalamu ikamtoka mkononi. Bi Milio alishuka ngazi mbilimbili, analia huku anacheka, aende naye akagombezwe.