Mtani wa Serikali ni Nani?

Mwanangu wa mwisho alipoachika huko Masasi alirudi kwangu na vitu vitatu: tivii, deki ya kuchezea kanda, na jenereta dogo linalolia kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Mume alibaki na nyumba na mke mpya. Nikasema haya, wenzako wakiachika wanarudi na watoto, wewe umerudi na mitambo. Karibu.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Kijijini kwetu, upande wa Chiola, tivii ilikuwa kitu cha kuhadithiwa na waliotoka Nachingwea mjini. Tukasimamisha banda la mianzi na nyasi. Kiingilio bakuli la mbaazi au ufuta, na asiye na bakuli aje na kiganja cha korosho. Gunia likijaa tunapeleka mjini kuuza, tunarudi na petroli. Ndiyo maisha yetu hayo, mimi na yeye. Ndugu zake wanne walishaondoka zamani, nawaona kwenye misiba tu. Huyu ndiye aliyerudi.

Sasa kanda. Alikuwa na rafiki yake Dar, anapika kwenye nyumba ya watu. Huyo alikuwa ananasa vichekesho vya usiku kwenye tivii ya tajiri wake, halafu kanda anamkabidhi kondakta wa basi la kusini. Masika barabara ikikatika, kanda nayo inalala njiani wiki mbili pamoja na abiria. Ikitufikia, waziri anayechekwa mle ndani kumbe alishaondolewa kazini, sisi ndiyo kwanza tunaanza kumcheka.

Na tulimcheka! Jamani, mimi wakubwa nilikuwa nawajua kwa sauti tu, redioni. Nilidhani hawana hata matumbo. Mara namwona mtu kavaa koti, kajaza mto tumboni, anaongea vilevile kama wao, anakohoa vilevile, anaahidi vilevile. Siku ya kwanza nilicheka mpaka khanga ikanifunguka, nikaifunga, ikafunguka tena, nikaiacha.

Lakini kitu kimoja kilinikera. Sisi huku mtu hamchezei mtu ovyo. Kuna utani, na utani una wenyewe. Ukoo wangu na ukoo wa mwenyekiti wa kijiji ni watani tangu kwa mababu. Ukitokea msiba kwao, mimi ndiye wa kulala mlangoni kuzuia jeneza, mimi ndiye wa kuigiza marehemu alivyokuwa anakoroma, na hakuna wa kunikasirikia. Anayekasirika anatozwa kuku. Sasa yule wa kwenye tivii, yeye ni mtani wa nani?

Nikauliza mle bandani. Jirani yangu, mama wa Kimakonde aliyetoka Msumbiji, akasema, "Huyo Mzaramo. Wale utani wao hauna mpaka."

"Mbona wiki iliyopita kamcheka mkubwa wa kaskazini, leo wa huku kwetu? Ana utani na nchi nzima?"

"Basi atakuwa mtani wa serikali."

"Serikali ina ukoo?"

Mwanangu akachoka na sisi. "Mama, hana utani na mtu yeyote. Ni kazi yake. Analipwa."

"Analipwa kwa kutania? Na mimi miaka yote hii nimelalia milango ya watu bure?"

Mwisho nikapata jibu langu mwenyewe. Nikawaambia: kule Dar vinaonyeshwa usiku sana, si ndiyo? Basi wanasubiri wakubwa walale kwanza, ndiyo wanawacheka. Asubuhi mkubwa anaamka hajui kitu, anakunywa chai yake. Watu wakaona ni kweli. Tabu ni kwamba sisi kanda tulikuwa tunaiangalia saa tisa alasiri, na mkubwa wetu yuko macho.

Mwenyekiti alikuwa hakosi. Alikuja na kiti chake kutoka nyumbani, anakaa mbele kabisa. Waziri akichekwa, yeye ndiye wa kwanza kujipiga mapaja. "Wamemweza! Wamemweza huyu!" Mpaka ilipokuja ile kanda ya kisima.

Mle ndani mheshimiwa amekuja kuzindua kisima. Kakata utepe, watu wamepiga vigelegele, pampu ikasukumwa, ikatoa upepo. Mheshimiwa akachukua leso iliyokunjwa vizuri, akajifuta jasho ambalo hana, akaanza, "Ndugu wananchi, suala hili..."

Kumbukeni na sisi tulikuwa na pampu. Ilizinduliwa, ikapiga mluzi, ikanyamaza. Mwenyekiti naye ana leso iliyokunjwa, na kila ukimuuliza kitu anakujibu, "Suala hilo lipo mezani." Meza yenyewe ya ofisi ya kijiji ina miguu mitatu, wa nne ni tofali.

Basi kabla mtu wa kwenye tivii hajamaliza, yule jirani yangu akapiga kelele kutoka nyuma, "Lipo mezani!"

Banda lilikufa kwa kicheko. Watu hawakuangalia tena tivii, waliangalia kisogo cha mwenyekiti. Kisogo kile kilikunjamana taratibu. Akasimama.

"Zima."

Mwanangu akazima.

"Huyu mtu ana utani na mimi?"

Jirani yangu akajificha nyuma ya mgongo wangu.

"Nauliza. Si nyinyi ndiyo wataalamu wa utani? Ananijua? Namjua? Amewahi kuzika kwetu?"

"Mwenyekiti, hakukutaja wewe," mwanangu akasema.

"Angenitaja ingekuwa afadhali! Huu si utani, haya ni matusi, na matusi kijijini kwangu hayaonyeshwi."

Akatoka nje akafungua jenereta, akang'oa plagi, ile ndogo inayotoa cheche, akaifunga kwenye leso, akaitia mfuko wa koti. Akabeba kiti chake akaondoka.

Bila plagi jenereta ni chuma tu. Na ukinunua nyingine atakuja kuing'oa na hiyo. Nilikwenda ofisini mara tatu kuiomba. Mara ya kwanza akaniambia suala langu lipo mezani. Mara ya pili lipo mezani. Mara ya tatu nikainama nikachungulia chini ya meza, akanifukuza.

Wiki mbili, mwanangu anakaa tu, anafuta vumbi kwenye tivii. Siku ya tatu ya wiki ya tatu akasema, "Mama, Jumatatu lori la korosho likipita napanda. Nakwenda Mtwara kubangua korosho."

"Mtwara una nani?"

"Na hapa nina nini?"

Angenipiga kofi lisingeniuma hivyo. Nikasema, sawa mwanangu, nenda. Halafu nikaenda jikoni nikachochea moto ambao haukuwa na chungu.

Sasa Mungu ana mipango yake. Jumapili usiku akafariki baba mdogo wa mwenyekiti, mzee wa miaka yake, hana deni na dunia, ameacha wajukuu kama kuku. Maziko Jumatatu asubuhi. Inna lillahi. Nikalia, maana alikuwa mtani wangu mzuri, tulitukanana vizuri sana ujanani. Nikamaliza kulia, nikamwambia mwanangu, "Lete koti la marehemu baba yako. Na mto."

"Mama, usifanye hivyo."

"Lete mto."

Nikafika msibani jeneza liko tayari, wanaume wanajipanga kulibeba. Mwanangu kakaa pembeni barabarani na begi lake, maana lori linapita hapohapo. Nikaingia na koti, tumbo mbele, leso mkononi, na kigoda kimoja kibovu nilichokitegeshea tofali. Nikakaa katikati ya mlango. Nikakohoa mara tatu.

"Ndugu wafiwa!"

Watu wakaganda. Walizoea niigize marehemu, si aliye hai.

"Ndugu wafiwa, suala la kifo cha marehemu tumelipokea. Lipo mezani." Nikagonga kigoda, tofali likachomoka, nikalirudisha. "Tunamwomba marehemu awe mvumilivu wakati kamati inalifanyia kazi. Kaburi limechimbwa, lakini halitatumika kabla halijazinduliwa rasmi. Utepe bado haujafika."

Mama mmoja akaanza kucheka, akajiziba mdomo kwa mtandio, kicheko kikatokea puani. Basi hapo ndiyo mwisho. Hata wabeba jeneza mabega yalikuwa yanatetemeka. Mwalimu wa madrasa akaangalia jua, akaniangalia mimi.

"Bibi, jua linapanda. Maiti haicheleweshwi."

"Mwalimu, si mimi. Ni utaratibu."

Watu wakaanza kunirushia sarafu, kama desturi, ili niondoke mlangoni. Nikazirudisha. Wakatoa kuku, nikamkataa. Ndipo mwenyekiti akaja mbele yangu. Uso wake! Macho mekundu ya kulia, shingo imesimama ya hasira. Nami nilijua, akinifukuza leo, utani wa mababu umekufa na mwanangu amekwenda.

"Mtani," akasema polepole, "unataka nini?"

"Plagi."

"Hapa msibani?"

"Siku ile uliuliza yule mtu ana utani na wewe? Hana, kweli. Ulisema haki. Mimi je? Mimi ninao au sina?"

Kuku aliyekataliwa akalia kabla yake.

"Unao," akasema.

"Basi chagua. Yule wa kwenye kanda anakucheka mara moja, yuko mbali, wala hakujui. Mimi nakujua tangu unajikojolea. Ukilifunga banda, sitakuwa na kazi nyingine. Nitakuwa nakutania kila siku, mchana, sokoni, msikitini mlangoni, mpaka uchaguzi."

Akaniangalia. Akaliangalia tumbo langu la mto, lilikuwa limeteremka mpaka kwenye magoti. Na mdomo wake ukaanza kupinda upande mmoja. Akageuka haraka tusimwone, akatia mkono mfukoni, akatoa leso, akaifungua. Plagi ilikuwemo. Wiki zote hizo alikuwa anatembea nayo.

"Afadhali yule wa Dar," akasema. "Chukua. Toka mlangoni tumzike mzee."

Nikatoka. Wakaenda kumzika.

Walipotoka makaburini watu wananawa mikono, nikamfuata mwanangu barabarani na plagi kiganjani. Hakuipokea. Akasema, "Atakuja kuichukua tena, mama." Na lori tunalisikia linakuja.

Mara huyo mwenyekiti anatuvukia barabara. Nikasema haya, amebadili mawazo.

"Mtani, plagi nimetoa, yamekwisha. Lakini jambo moja." Akainua kidole. "Ulipoingia pale, ulitembea kwa kubinua miguu. Mimi sitembei vile."

"Unatembeaje?"

"Natembea kawaida. Angalia."

Akajivuta koti, akatanguliza tumbo, akaenda hatua kumi mbele na hatua kumi kurudi, amebinua miguu kama bata aliyeshiba. Na mbele ya wafiwa wote! Mimi nilijitahidi, nikauma khanga. Mwanangu hakujitahidi. Alicheka, akacheka akakaa juu ya begi, machozi yanamtoka, kicheko kilekile cha bandani.

"Umeona?" mwenyekiti akamuuliza, makini kabisa. "Si tofauti?"

"Tofauti, mwenyekiti. Tofauti sana."

Lori likasimama, utingo akagonga bodi. "Dada wa Mtwara! Panda!"

Mwanangu akampungia mkono bila kuinuka kwenye begi. "Nendeni tu," akasema, na pumzi hana. "Mwenyekiti, hebu rudia tena."