Stuli Ndani

Mimi ni seremala wa shule, na kusema kweli watu wanaonisimamia kazini hunikera. Yule mama mtunza maabara alinikera kuliko wote. Alikuwa akija nyuma yangu, anapapasa mbao kama anayechagua samaki sokoni, halafu anaguna. Wanafunzi walimwita Bi Stuli Ndani, kwa sababu hakuna moto uliowashwa mle maabara kabla hajasema, "Stuli ndani." Maana yake, stuli zote zisukumwe chini ya meza, kila mtu asimame, njia iwe wazi.

Mwalimu mmoja mgeni, siku yake ya kwanza, alisikia hivyo akatuma wanafunzi barazani wakabebe stuli mbovu zilizokuwa zikinisubiri mimi. Wakaziingiza zote. Mlango ukawa haufungiki. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na mama naye akacheka, nami kabla ya hapo sikuwahi kumwona akicheka.

Lakini jambo lenyewe halikuwa la mzaha. Zamani stuli zile zilikuwa ndefu mno, hazipiti chini ya meza. Siku moja spiriti ikamwagika, ikashika moto, darasa zima likakimbilia mlangoni. Msichana mmoja akajikwaa kwenye miguu ya stuli akavunjika mkono. Moto haukumuunguza mtu; ni stuli zilizoumiza. Basi mama akamganda mwalimu mkuu kama kupe, mpaka nikaagizwa nizikate zote miguu na kuzivisha raba zisiteleze.

Nilipomaliza ile ya mwisho, akabaki amesimama tu pale karakana.

"Fundi, nitengenezee kiti kimoja cha nyumbani. Chenye mgongo."

"Kwani huna kiti, mama?"

"Ninacho changu. Mwanangu anakuja Jumamosi."

Binti yake aliolewa mbali, na tangu wamzike baba yake hajakanyaga tena pale nyumbani. Ni simu tu, nazo za haraka haraka.

"Akikaa vizuri, labda atalala hata siku mbili," akasema.

Nilikipiga msasa kile kiti mpaka kikawa laini kama shavu la mtoto. Safari hii hakuja kunisimamia. Nadhani aliogopa kukitazama.

Jumapili nikapita kwake kuona kama kimetulia sakafuni. Chumba kimefagiwa, pazia limefuliwa. Mezani kuna sahani mbili, bado zimefunikwa. Kiti chake kimesukumwa ndani kama kawaida yake. Kile nilichomtengenezea kimevutwa nje, kimeelekea mlangoni.

"Mgeni yuko wapi?"

"Alipiga simu. Kazi zimembana." Akawa anapangusa meza ambayo ilishakuwa safi. "Amesema nisikasirike. Sijakasirika."

Roho iliniuma. Nikaona bora nifanye utani wetu wa siku zote, nikakishika kile kiti nikisukume chini ya meza.

"Haya, stuli ndani."

"Kiache," akasema.

"Utajikwaa, mama. Si wewe unayetufundisha?"

"Najua." Akaja akakirudisha palepale kilipokuwa. "Kiache hivyo hivyo, fundi. Kikikaa hivi, ni kama mtu ametoka kidogo tu, anarudi."