Damu ya Shangazi

Mwaka niliorudi kijijini kwetu Mgwashi, huku milimani, na digrii yangu, dada yangu alijifungua akapoteza damu nyingi. Mimi nilikuwa na malaria, hospitali ikaikataa damu yangu. Akabaki shangazi wa kumtolea, naye akaficha mkono ndani ya kanga.

“Tazama mishipa hii ilivyo ya bluu. Damu imepoa kwa baridi ya huku. Mzazi hapewi hata uji wa baridi, nimpe damu ya baridi?”

“Shangazi, ni nyekundu.”

“Umeiona wapi, msomi?”

Nikaeleza, huku nikitilia shaka kila neno langu: mwanga mwekundu huzama ndani ya ngozi, ukamezwa na damu, wa bluu hauzami sana, hurudi machoni. Hakuelewa. Nikamuuliza:

“Ukiwa Mombo kule chini, milima yetu ina rangi gani?”

“Bluu.”

“Na ukipanda ukafika kwenye shamba la ujamaa?”

Shangazi akacheka. “Udongo mwekundu. Haya, wanichome.”

Niliikodolea macho chupa, nikiogopa kwamba pengine mimi ndiye niliyekosea. Ikajaa wekundu mzito. Shangazi hakuangalia rangi. Aliishika kwa kiganja.

“Ina joto,” akasema. “Mpelekeeni upesi.”